Faili la Mwalimu Rasoa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mke wangu Nekoye amerudi kutoka kwao Kamukuywa na kuku mmoja, mkungu wa ndizi, na laptop ya mama yake imefungwa kwa leso. Nimeiwasha hapa kibandani. Taa inawaka, feni inazunguka, kisha skrini inabaki nyeusi na mstari mmoja wa maandishi meupe unaosema haioni diski. Nilikuwa nimeshaiandika kwenye kitabu cha wateja, katikati ya simu ya mtu na spika ya kanisa, nikaikata. Mama mkwe si mteja. Mama mkwe ni mtihani. Hiki sasa ni kitabu chake peke yake, na nitaandika kila nitakachofanya, ili siku ya kuulizwa mimi Bramwel, fundi wa simu na kompyuta hapa Kitale, niwe na jibu.

Mambo ni haya. Mwalimu Rasoa, huyo mama mkwe, alifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka akastaafu. Tangu astaafu amekuwa akizunguka kwa wazee akiandika ndoa za ukoo wa marehemu mume wake, ukoo wa Batecho: nani aliolewa wapi, mama yake alitoka ukoo gani, bibi zake wawili walitoka wapi. Kwetu Wabukusu huwezi kuoa ukoo wa baba yako, wala wa mama yako, wala wa bibi zako. Zamani mama wazee walikuwa na haya yote kichwani. Sasa wengi wamekufa, na vijana wanakutana Nairobi na Eldoret, wanakuja kuulizana ukoo mtoto akiwa tayari anatembea. Ndiyo maana anayetaka kuoa binti wa Batecho hupitia kwa Mwalimu kwanza. Anafungua kipakatalishi chake (yeye hasemi laptop, hata umkasirishe vipi), anatazama, anasema ndiyo au hapana. Hapana zake ni tano mpaka sasa. Watu hulia, na yeye huwapa chai.

Sasa zamu imefika nyumbani kwake. Viola, kitinda mimba wake, anataka kuolewa na Makokha, kijana mwenye duka la dawa za mifugo mjini Bungoma. Mzee Nyongesa, ndugu wa marehemu baba mkwe, amesikia mahali kwamba bibi yake Makokha alikuwa binti wa Batecho. Ikiwa ni kweli, hakuna harusi. Huyo bibi ameshazikwa. Mwalimu aliketi naye mwaka wa 2016 na akaandika kila kitu, lakini tangu hapo ameandika watu zaidi ya mia sita. Hakumbuki, na hataki kukisia. Karatasi za mkono aliwashia moto jikoni baada ya kuzichapa. Wazee wanakutana tarehe 29 Novemba, na harusi yote ya Viola iko ndani ya hii kitu isiyowaka.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeifungua. Ndani nimekuta vumbi jeupe kila pembe, na dumuzi mmoja, yule mdudu wa mahindi, amekufa juu ya feni, miguu juu.

Ikabidi niulize. Mimi na Mwalimu hatuongei ana kwa ana. Mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali: hatukai chumba kimoja, hatuli pamoja, hatupeani kitu mkono kwa mkono, nikimwona njiani napita upande ule mwingine kana kwamba nimekumbuka jambo. Kwa hivyo niliuliza Nekoye, Nekoye akapiga simu, na jibu likarudi. Paa lilivuja, laptop ikanyeshewa. Mwalimu akaifukia ndani ya gunia la mahindi yaliyotiwa dawa ya wadudu, siku tisa, kisha akaiwasha.

Nikamwambia Nekoye amuulize mama yake ni nani duniani alimfundisha hivyo. Akacheka kabla hata ya kuuliza. Mwaka jana simu ya Viola ilianguka majini na mimi, kwa mdomo wangu, nikasema iwekwe kwenye mchele. "Mama anasema mchele ni bei," Nekoye akaniambia, "na mahindi anayo."

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Mahindi yetu ya Saboti tumeshayakata na kuyasimamisha shambani, na sasa yananyeshewa yakiwa yamesimama. Oktoba gani hii.

Jumamosi, 11 Oktoba

Diski nimeitoa na kuifunga kwenye kompyuta yangu. Haizunguki. Nimeishika mkononi kama ninavyoshika kila diski, nikiisikiliza. Kimya kabisa. Kadi yake ya chini imeungua mahali pamoja, doa jeusi kama punje ya mtama. Hii ni habari njema kidogo: kilichokufa ni kadi, si lazima maandishi. Nikipata diski ya aina hiyohiyo nitahamisha kadi.

Jioni ujumbe umekuja kutoka Kamukuywa, kupitia Viola, kupitia Nekoye, na nauandika kama ulivyofika: "Mwambie mkwe akifanikiwa, asifungue faili. Anipe tu hivyo lilivyo."

Nimekasirika, nisiseme uongo. Miaka kumi na miwili nimemwoa binti yake. Nimemtengenezea redio, simu, jiko la gesi, hata saa ya ukutani ambayo si kazi yangu. Na bado ananiona mtu wa kuchungulia mambo ya watu. Nimemwambia Nekoye mama yako hajawahi kunipenda. Nekoye akasema mama hapendi mtu yeyote mbele ya watu, hata yeye hajui kama alipendwa, ila Viola ndiye alikuwa anabebwa. Kisha akaendelea kukunja nguo za watoto.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua tena.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Nimeshinda Saboti nikigeuza mahindi. Mengine yameanza kuota yakiwa kwenye gunzi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimetafuta diski ya aina ile Kitale yote. Hakuna. Kipkosgei wa Moi's Bridge, ambaye hununua kompyuta zilizokufa na kuzipanga ghalani kwake pamoja na magunia, amesema anayo lakini iko chini ya vitu. Nimemuuliza chini ya vitu gani. Akasema, bana, vitu.

Jumanne, 28 Oktoba

Viola amekuja kibandani mwenyewe, kutoka Bungoma, na mwavuli umevunjika mbavu mbili. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaniuliza kama mtu anaweza kumzoea mtu mwingine upya akiwa na miaka thelathini na moja. Nikamwambia asianze maneno hayo. Akasema Makokha amemwambia wazee wakikataa, basi watahama waende mbali wakaoane huko. Yeye hataki. Amekaa meza moja na mama yake wakati mama akiwaambia watoto wa watu hapana. Hawezi kumtorokea mtu kama huyo.

Akaniuliza, "Shemeji, itawaka?"

Nikasema haina haja ya kuwaka, nataka diski tu. Fundi mwerevu haahidi. Lakini alivyonitazama, nikaahidi.

Jumamosi, 1 Novemba

Kipkosgei amepata diski. Nimeenda Moi's Bridge kuichukua. Amekataa malipo, akataka kuku wa Kamukuywa, akisema kuku wa huko hawana haraka. Sijui ana maana gani ila nimekubali.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimehamisha kadi, nikaunganisha, diski ikalia: tak, tak, tak. Nikaizima haraka kabla haijajikwaruza. Nimefanya kosa la mwanagenzi. Kila kadi ina kichembe kidogo kinachobeba tabia za diski yake ya asili; ukihamisha kadi bila kuhamisha kile kichembe, diski haijijui. Mimi najua hilo. Nimewafundisha wengine hilo. Haraka haraka haina baraka, na ni mimi nimebandika karatasi yenye maneno hayo hapo ukutani.

Nekoye aliniuliza mbona siongei wakati wa kula. Nilimwambia ni mvua.

Alhamisi, 6 Novemba

Jua. Nimeanika mahindi kwenye turubai uwanjani, na mimi nimeketi kando yake na koleo ndogo, nikakibandua kile kichembe kwa chuma cha moto kutoka kwenye kadi iliyoungua na kukipandikiza kwenye ile nyingine. Ni kidogo kuliko punje ya mchele. Nilikuwa namwambia Mungu, kwa sauti, kwamba Viola ana miaka thelathini na moja.

Imezunguka. Sauti laini, bila kugonga.

Ijumaa, 7 Novemba

Sijafungua kitu bado. Diski iliyofufuka haifunguliwi kwanza, inanakiliwa kwanza, sehemu kwa sehemu, ikiwezekana bila kupumua. Imefika asilimia kumi na tisa, stima zikapotea.

Jumanne, 11 Novemba

Asilimia thelathini na nne. Mvua, stima zimepotea mara tatu. Nimeazima betri ya gari la jirani.

Jumapili, 16 Novemba

Asilimia sabini na moja. Kanisani niliombea kompyuta na nikaona haya.

Jumatano, 19 Novemba

Imekwisha. Kuna sehemu chache zilizoharibika, nimeziruka. Faili lipo. Jina lake ni NDOA ZETU, na limehifadhiwa mara ya mwisho mwezi wa nane.

Mwalimu alisema nisifungue. Lakini fundi harudishi kazi bila kuijaribu. Faili linaweza kuwa na jina na uzito wake wote, ukilifungua ukakuta alama za ajabu kama kuku ametembea kwenye wino. Nikipeleka takataka Kamukuywa siku chache kabla ya kikao, nani atalaumiwa? Nikafungua.

Ni zima. Kwanza nilimtafuta Makokha. Bibi yake mzaa mama: baba yake wa Bakhone, mama yake wa Bameme, aliishi kwa jirani wa Batecho akiwa msichana, hakuwa wao. Hakuna Batecho hata mmoja. Nilipiga meza mpaka mteja aliyekuwa anasubiri chaja akasimama.

Hapo ningefunga. Sikufunga. Nilitaka kuhakikisha mwisho wa faili haujakatika, nikateremka mpaka kurasa za nyumba ya Mwalimu mwenyewe, na hapo nikaona jina langu. Ninanakili neno kwa neno:

"Nekoye, binti yangu. Mume: Bramwel wa Kitale. Bibi yake mzaa baba: Nasimiyu. Wazee wameambiwa ni wa Babuya. Si kweli. Alilelewa kwa wajomba zake Babuya, lakini baba yake mzazi alikuwa wa Batecho. Nimehakikisha kwa watu wawili. Nimejua tarehe 30 Novemba 2013, zimebaki wiki mbili harusi ifike. Kijana ana heshima, na mtoto wangu hucheka akiwa naye. Nimenyamaza. Mungu anisamehe, na wazee pia siku wakijua."

Alhamisi, 20 Novemba

Sikufungua kibanda.

Bibi Nasimiyu sikumjua. Alikufa baba yangu akiwa mdogo, na sisi tulihamia Kitale, huku ambako kila mtu alitoka mahali pengine. Tulipoulizwa ukoo wa bibi, baba yangu mdogo alisema alichosikia. Hakuna aliyedanganya. Ila Mwalimu alijua. Yule aliyewarudisha watu watano na machozi yao alinitazama mimi, akaona hapana imeandikwa, na akafunga mdomo.

Nami miaka kumi na miwili nimekuwa nikisema hanipendi. Bramwel, wewe ni mjinga.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimempa Nekoye habari njema ya Makokha, akapiga simu kwao, nikasikia Viola analia mpaka upande huu. Halafu Nekoye akarudi na uso mwingine. Mzee Nyongesa hataki kuambiwa. Anasema Mwalimu ni mama, na mama anaweza kumwonea mwanawe huruma. Kwa hivyo siku ya kikao nyumba yote ya Mwalimu isomwe kwa sauti, kuanzia kifungua mimba, ndoa moja baada ya nyingine, kama ilivyo ndani ya faili. Akiruka hata mstari, hatakubali ya Makokha.

Kijana wake wa kwanza, kisha Nekoye, kisha Viola. Ili Viola aolewe, lazima yangu isomwe.

Nilimwambia Nekoye kila kitu hapohapo, watoto wakiwa nje. Nilimwonyesha ile karatasi niliyonakili. Aliisoma mara mbili. Nilidhani atauliza kuhusu watoto wetu, au kama wazee wanaweza kututenganisha. Alikaa kwenye kitanda akasema, "Kumbe mama aliniona nikicheka."

Akalia sana. Mimi pia, kidogo.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimefungua faili tena. Ule mstari ni rahisi kufuta. Nimeweka kidole kwenye kitufe. Naweza kuandika Babuya pale palipoandikwa Batecho, na hakuna mtu duniani atakayejua, isipokuwa mimi, mke wangu na mama yake. Miaka yote hii najisifu kwamba sijawahi kugusa kitu cha mtu.

Nimefunga bila kugusa. Lakini sikulifunga haraka.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimeenda Kamukuywa mwenyewe. Kuku wa Kipkosgei ilikuwa sababu niliyowaambia watu.

Niliketi kwenye benchi nje ya jikoni. Mwalimu alikuwa ndani, nasikia sufuria. Viola alisimama mlangoni katikati yetu, kama ilivyo desturi, akibeba maneno: mama anauliza habari ya watoto, mkwe anasema wazima. Kisha Mwalimu akamtuma Viola kisimani. Nyumba ina bomba. Viola akaenda.

Nilitazama mlima, yeye sijui alitazama nini. Sauti yake ilitoka kwenye dirisha la jikoni.

"Mkwe, kwa hiyo ulifungua."

"Nilifungua, Mwalimu. Ilibidi nijaribu."

"Ulifika kwa Nekoye?"

"Nilifika."

Mwiko uligonga sufuria mara moja, ukatulia. Nikamwambia naweza kuuondoa ule mstari leo usiku, kabla sijachapa, na faili lingesomeka vizuri tu. Nikamwambia sijaugusa kwa sababu si wangu. Nikataka kumwambia asante pia, nikakosa njia. Ni vigumu kumshukuru mtu usiyeruhusiwa kumtazama.

"Nimewarudisha watoto wa watu watano," alisema. "Wote walikuwa wanapendana. Wa kwangu ndio nikawafichia. Usiguse kitu, Bramwel. Nitasoma mwenyewe."

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa mkwe. Sikujua kama jina langu linaweza kutoka mdomoni mwake.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimechapa kurasa tatu na kuzitia kwenye bahasha. Nekoye amepiga pasi shati langu mara mbili. Hakuna mvua.

Jumamosi, 29 Novemba, Kamukuywa

Wazee saba waliketi sebuleni. Sisi wakwe wa kiume tuliwekwa nje chini ya hema, upande wa dirisha, kwa hivyo nilisikia yote. Nekoye alikuwa ndani na wanawake.

Mwalimu alisoma kama anavyosoma imla, polepole, akisimama kwenye kila nukta. Ndoa ya kijana wake wa kwanza, safi. Kisha akasema, Nekoye, binti yangu. Akasoma ule mstari wote. Akasoma "si kweli". Akasoma tarehe. Akasoma mpaka pale pa kucheka, na hapo akakatiza, akarudia sentensi tangu mwanzo wake, kama mwalimu anavyomrudisha mwanafunzi aliyeruka. Akasoma nimenyamaza. Kisha, bila kupumzika, akasoma ya Makokha na kuweka karatasi mezani.

Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha hema. Nilikuwa nawaza nyumba yetu Kitale, watoto watatu, na jinsi neno la wazee saba linavyoweza kufika huko kabla yangu.

Mzee Nyongesa aliuliza kama alijua na bado akanyamaza. Akasema ndiyo. Akauliza kama anajua wale watano watasemaje. Akasema atawaendea mmoja mmoja, akiwaomba msamaha nyumbani kwao, na hatapeleka mtu badala yake. Wazee wakaongea Kibukusu kwa sauti ya chini muda mrefu, nikapata neno hapa na pale. Kondoo. Watoto. Miaka.

Kisha Mzee Nyongesa akaamua. Ya Makokha imekubaliwa. Mama ambaye amejisomea hivyo hawezi kuwa amemdanganyia mwingine. Ndoa yenye watoto watatu haivunjwi na mtu mwenye akili. Mwalimu atatoa kondoo, tutatakaswa, basi. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele kwa ajili ya Viola, naye mzee akapiga meza wanyamaze, kwa sababu hajamaliza.

"Huyu Bramwel," akasema, "bibi yake ni wetu. Basi ni mjukuu wetu. Mjukuu anakaa nje na wakwe kwa nini?"

Nilisikia kiti kikivutwa. Mwalimu alitoka mlangoni akashuka ngazi, akaja moja kwa moja chini ya hema, na mimi kwa mazoea nikainuka nigeuke nipite upande mwingine, nikakuta nimezuiwa na viti. Sikuwa na pa kwenda. Nikatazama chini. Nikaona viatu vyake vya kanisani, vyeusi, vimepigwa rangi.

"Mwanangu," akasema, "niamkie vizuri."

Akanyoosha mkono. Nikaushika kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani.